Mahali pa Kubuni: Jinsi ya Kuandika Hadithi ya Kihistoria kwa Wasomaji Wachanga

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, kusini mwa ziwa Bangweulu katika nchi ambayo leo ni Zambia, kijana aliyeitwa Majwara alilala ndani ya kibanda cha David Livingstone ili amhudumie mgonjwa huyo endapo angehitaji kitu. Yapata saa kumi alfajiri alizinduka, akamwona bwana wake amepiga magoti kando ya kitanda, uso ameufukia mikononi juu ya mto, wala hatikisiki. Akamwendea Abdallah Susi, mmoja wa viongozi wa msafara wa Livingstone, na kumwambia kwamba anaogopa, maana hajui kama Bwana yu hai. Wakubwa walipomuuliza alikuwa amelala kwa muda gani, alijibu kwamba hawezi kusema, ila ana hakika ulikuwa muda mrefu.

Anayetaka kuwatungia watoto na vijana hadithi ya kihistoria na alitafakari jibu hilo. Yaliyotangulia tunayajua: masika, ugonjwa wa tumbo uliomtoa damu mzee yule hadi akashindwa kutembea, kibanda kilichojengwa kwa haraka. Yaliyofuata tunayajua pia: moyo wake ulizikwa chini ya mti, mwili ukakaushwa kwa chumvi na jua, kisha wenzake wakaubeba kwa zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Lakini zile saa ambazo Majwara alikuwa usingizini hazikuonwa na yeyote aliyebaki kuzisimulia, na hata yeye mwenyewe hakuweza kuzipima. Mwanahistoria akifika hapo hana budi kuziruka. Mtunzi, kwa upande wake, ndipo anapopata mahali pa kusimama.

Mwongozo huu umejengwa juu ya wazo hilo: ubunifu ukae pale kumbukumbu iliponyamaza, na pale iliposema usishindane nayo. Kuitamka kanuni hiyo ni rahisi. Ugumu huja katika kuifuata kwa kurasa mia mbili, hasa kwa kuwa msomaji tunayemwandikia hajawa na njia ya kutukagua. Mtu mzima akisoma riwaya kuhusu vita fulani, aghalabu huwa amekwisha kusikia habari zake kwingine, na akili yake huyapambanua mambo ijapokuwa kwa kubahatisha. Mtoto wa miaka kumi na mmoja huenda akakutana na tukio hilo kwa mara ya kwanza ndani ya kitabu chako, na picha ya kwanza ndiyo inayodumu. Simaanishi kwamba tumbunie kidogo kuliko mtu mzima. Vitabu vilivyoogopa kubuni hugeuka kuwa vitabu vya kiada vilivyopachikwa majina ya watoto, na msomaji huvitambua tangu ukurasa wa pili. Nasema tubuni kwa hesabu.

Anzia kwenye pengo

Waandishi wengi huanza na tukio kubwa, kisha humtafuta mtoto wa kumtumbukiza humo. Matokeo yake ni mtoto anayetoka mkasa mmoja mashuhuri kwenda mwingine kama tarishi, akishuhudia kila jambo na kukosa shughuli yake mwenyewe. Afadhali kuanza upande wa pili. Chukua karatasi pana, uigawe kwa siku au kwa saa kulingana na urefu wa kisa, ujaze kila kilichothibitishwa na vyanzo, na uache wazi kila kisichojulikana. Ukimaliza, yasome yale matupu. Hadithi yako imo humo.

Mfano mwingine ni moto mkubwa wa London, ulioanza baada ya usiku wa manane, Jumapili ya tarehe 2 Septemba 1666, katika nyumba ya mwoka mikate Thomas Farriner kwenye kichochoro cha Pudding Lane. Tunajua kwamba upepo ulivuma kutoka mashariki baada ya ukame wa muda mrefu, na kwamba nyumba zipatazo 13,200 ziliteketea. Tunajua pia kwamba jamaa wa Farriner walipoona ngazi zimezibwa na moto walipitia dirisha la juu hadi kwa jirani, ila mtumishi wao wa kike aliogopa kupita huko, akabaki, na akawa wa kwanza kufa. Anatajwa kwa kazi yake tu. Basi hapo pana dirisha, pana paa, pana watu wanaomwita kutoka upande wa pili, na pana hofu isiyoelezwa. Je, aliwahi kumwona mtu akianguka kutoka juu? Alikuwa na kitu ambacho hakutaka kukiacha? Yeyote utakayemweka kwenye nyumba ya jirani, akinyoosha mkono gizani, ana hadithi ya kusimulia kabla hata mji haujaanza kuungua.

Pengo zuri lina sifa mbili. Kwanza, limezungukwa na mambo yanayojulikana, hivyo mbunifu hajitungii dunia bali hukamilisha dunia iliyopo. Pili, kitakachotokea ndani yake ni kidogo kiasi kwamba hakilazimishi yaliyofuata kubadilika. Ukimbunia yule mtumishi dada mdogo, historia ya London haitikisiki. Ukibuni kwamba dada huyo ndiye aliyeuzima moto, umekwisha kutoka kwenye pengo na kuingia shamba la mwenyewe.

Unapoandaa karatasi hiyo, tia alama tatu kando ya kila jambo: linalojulikana, linaloelekea kuwa hivyo, na ulilobuni. Ile ya katikati ndiyo inayohitaji uaminifu mkubwa kuliko zote, kwa sababu humo huingia kila tunachotamani kiwe kweli. Kwamba wapagazi wa msafara wa 1873 walisikia baridi usiku wa kwanza bila bwana wao ni jambo linaloelekea. Kwamba walilia wote ni tamaa ya mwandishi, isipokuwa apate pa kuliegemeza. Zihifadhi alama hizo hadi muswada wa mwisho, maana utazihitaji tena tutakapofika kwenye maelezo ya mwandishi.

Nani awe mbele, nani awe kando

Mtoto wa kubuni au mtoto aliyeishi? Kila njia ina gharama yake. Ukimfanya Majwara kuwa mhusika mkuu, unapata uzito wa mtu wa kweli, lakini kila fikra utakayomtia kichwani ni dai juu ya mtu ambaye hawezi kukukanusha. Ukimbuni mtoto wa mpagazi, tuseme msichana aitwaye Tunu, unapata uhuru wa kumpa woga, kiburi, uongo na majuto, huku Majwara akibaki kama alivyoshuhudiwa: kijana aliyeamka alfajiri na kuogopa.

Mimi hupendelea njia ya pili kwa vitabu vya vijana. Walter Scott, anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa riwaya ya kihistoria, aliitumia mwaka 1814 alipomweka kijana wa kubuni katikati ya uasi wa Scotland wa mwaka 1745, na mwanamfalme wa kweli akamfanya apite kando. Sababu yake haijachakaa. Mkubwa wa historia akikaa mbele, msomaji huwa anasubiri tu afanye kile anachojulikana kukifanya. Akikaa kando, huonekana kama tunavyowaona wakubwa maishani, kwa kuvizia, kwa sauti inayotoka chumba cha pili, kwa mkono uliotoa amri na kuondoka.

Lakini liko kundi la tatu ambalo si la kubuni wala si mashuhuri, nalo ndilo linalonigusa zaidi. Katika simulizi za safari ile anatajwa msichana mdogo, Losi, ambaye alikuwa njiani na mtungi wa maji kichwani alipoumwa na nyoka pajani, akafa kwa muda mfupi. Zaidi ya hayo hatuna karibu lolote juu yake. Je, inafaa kumtungia Losi maisha kabla ya siku hiyo? Kwa maoni yangu inafaa, kwa masharti: jina lake libaki, kifo chake kibaki jinsi kilivyokuwa, wala kisigeuzwe kuwa chombo cha kumfunza mhusika mwingine somo. Kumpa rafiki, wimbo na ugomvi mdogo wa asubuhi ile ni kumrudishia uzima alionyimwa na wino. Kumwokoa ili kitabu kiwe na mwisho mwema ni kumnyang'anya hata kile kidogo alichoachiwa.

Vyanzo vina wenyewe

Kabla ya kuamini kwamba jambo fulani ni la safu ya yanayojulikana, uliza nani alilisema, lini, kwa lugha gani, na kwa faida ya nani. Habari za Chitambo tunazipata kwa kiasi kikubwa kupitia Horace Waller, mchungaji wa Uingereza aliyehariri shajara za mwisho za Livingstone na kuwahoji Susi na mwenzake wa msafarani James Chuma walipokuwa Uingereza mwaka 1874. Kwa hiyo tunachosoma ni kumbukumbu za watu wawili, zilizotolewa mwaka mzima baadaye, zikaandikwa kwa Kiingereza na rafiki wa marehemu aliyekuwa na sababu za kutaka kifo hicho kionekane kitakatifu. Si lazima habari ziwe za uongo. Ila ni habari zilizopita mikononi.

Mara nyingine vyanzo hugongana waziwazi. Bamba la kaburi la Livingstone ndani ya Westminster Abbey linataja tarehe 1 Mei. Jacob Wainwright, msomi wa msafara aliyeongoza sala wakati moyo ulipozikwa, alichonga kwenye mti huo maandishi yanayotaja tarehe 4 Mei. Mwandishi wa historia atajadili tofauti hiyo. Mtunzi ana njia nyepesi zaidi: amwache Tunu asijue tarehe. Mtoto ndani ya msafara anahesabu kwa kambi, kwa mwezi angani, kwa siku tangu mbuzi alipokufa. Mtazamo wa mtoto hapa unakuwa kinga, kwani hulazimiki kuthibitisha ambacho msimulizi wako asingeweza kukijua.

Mbinu hiyohiyo inamfaa anayeandika juu ya Pompeii, mji wa kale wa Kirumi uliofukiwa na jivu la volkano. Kwa karne nyingi vitabu vilisema mlima Vesuvio ulilipuka tarehe 24 Agosti mwaka 79, kwa kufuata nakala za barua za Plinio Mdogo, mwandishi wa Kirumi aliyeshuhudia mlipuko akiwa na miaka 17 ng'ambo ya ghuba na kuandika kumbukumbu zake miaka mingi baadaye. Mwaka 2018 yaligunduliwa ukutani maandishi ya makaa yenye tarehe inayolingana na 17 Oktoba, na kwa kuwa makaa hufutika upesi, wataalamu wengi sasa huuelekeza mlipuko kwenye majira ya vuli. Aliyeifunga sura yake ya kwanza kwa joto kali la Agosti ana kazi ya kufanya. Aliyeandika kuhusu jivu, giza na mikono iliyopotezana hana haja ya kubadili neno.

Usisahau pia kwamba hati rasmi inaweza kudanganya kwa utulivu kuliko uvumi. Baada ya moto wa London, Mfaransa Robert Hubert alikiri mbele ya wakuu kwamba ndiye aliyeuwasha, akanyongwa Oktoba 1666. Baadaye ikadhihirika kwamba moto ulipoanza hakuwa amewasili London. Maungamo yake yamo kwenye kumbukumbu, yamekamilika, na si kweli. Kisa kama hicho ni hazina kwa msomaji wa miaka kumi na tatu, ambaye yumo katika umri wa kugundua kwamba wakubwa wanaweza kukubaliana juu ya kosa.

Maneno midomoni

Hakuna sehemu inayobuniwa zaidi kuliko mazungumzo, na hakuna inayoaminiwa upesi zaidi. Mtoto akiona alama za kunukuu anadhani maneno yalisemwa hivyo. Kwa hiyo jiwekee utaratibu: mtu wa kweli aseme machache, na ya uzito aseme tu yale yaliyoshuhudiwa au yanayotokana nayo kwa karibu sana; porojo, mabishano na mizaha iende kwa watu wa kubuni.

Mara chache kumbukumbu hutupa zawadi. Usiku ule wa Chitambo, saa chache kabla ya Majwara kuzinduka, mgonjwa alimwuliza Susi kama mto uliokuwa karibu ni Luapula. Susi akamweleza kwamba wako kijijini kwa Chitambo. Mzee akauliza tena, safari hii kwa Kiswahili, zimebaki siku ngapi kwenda Luapula, naye Susi akamjibu kwamba anadhani ni siku tatu. Waller aliyachapa maneno hayo kwa Kiswahili chenyewe, kwa tahajia iliyopinda ya mtu anayeandika asichokimudu, na karibu mengine yote akayatia katika Kiingereza. Fikiria maana yake kwa mtunzi. Karibu kila neno la wapagazi ambalo limetufikia ni tafsiri, nasi tukiwaandikia mazungumzo kwa Kiswahili, kwa namna fulani tunayarudisha kwenye lugha ambayo wengi wao waliitumia msafarani, lakini hatuwezi kudai kwamba tumeyapata maneno yenyewe.

Kuhusu mtindo, epuka pande mbili. Upande mmoja kuna lugha ya makumbusho, iliyojaa maneno yaliyokufa ambayo mtoto atayaruka kama anavyoruka madimbwi. Upande wa pili kuna misimu ya leo, inayompasua msomaji kutoka kwenye karne aliyomo. Kinachofaa ni Kiswahili cha kawaida, kilichosafishwa kila neno lililozaliwa na mashine au desturi zisizokuwapo wakati huo. Mtu wa 1666 hawezi "kuchaji nguvu" wala "kubonyeza kitufe" hata kwa tamathali. Maneno machache ya zamani, manne au matano katika kitabu kizima, yanayojieleza kwa muktadha, hutosha kuipa hadithi harufu yake.

Vitu vidogo vinavyofichua

Hili tulipitie kwa haraka, maana kila mwandishi analijua na bado kila mwandishi huteleza. Mtoto wa London ya 1666 hawezi kuwasha kiberiti, kwani viberiti vya kukwaruza vilianza kuuzwa mwaka 1827. Wala asisubiri "dakika tano" kwa kutazama saa: mkono wa dakika ulianza kuwa wa kawaida kwenye saa za mfukoni baada ya kubuniwa kwa springi ya usawazisho mwaka 1675. Nyanya, mahindi, mihogo na viazi havikufika Ulaya, Afrika wala Asia kabla ya safari ya Columbus ya 1492, kwa hiyo havimo jikoni Pompeii, wala havimo Kilwa aliyoizuru Ibn Battuta mwaka 1331. Ukishaumaliza muswada, usome mara moja ukitafuta nomino tu: kila chombo, kila chakula, kila kitambaa, kila kipimo. Ni usomaji wa kuchosha, na ndio unaokuokoa na barua za wasomaji wadogo, ambao katika mambo haya hawana huruma.

Kichwa cha zamani

Kosa lililo kubwa kuliko kiberiti ni mtoto wa leo aliyevishwa nguo za jana. Tunamjua: ni msichana anayechukia kila desturi ya zama zake, anayeona ubaya wa utumwa, wa ufalme na wa ndoa za kupangwa kwa ufasaha wa mhitimu wa karne ya ishirini na moja, na ambaye wabaya wote wa kitabu hawamwelewi. Anapendeza, lakini hafundishi lolote, kwa sababu msomaji anakutana naye akiwa tayari anakubaliana naye. Pia anawadhulumu watu wa zamani waliopinga dhuluma kwa gharama kubwa, kwa kufanya upinzani uonekane kuwa jambo lililomjia mtu yeyote mwenye moyo mzuri.

Dawa yake si kuwafanya watoto wote wa zamani waridhike na mambo yalivyokuwa. Watu wa kila zama walinung'unika, walitoroka, walidanganya wakubwa wao na kuomba dua za laana. Dawa ni kuuliza mtoto huyu, mahali hapa, kwa maneno aliyokuwa nayo, angeweza kufikia wapi. Mchukue Chuma. Alikuwa mtoto alipotekwa, akakombolewa mwaka 1861 kutoka kwenye msafara wa watumwa na watu aliokuwamo Livingstone miongoni mwao. Miaka kumi na miwili baadaye anaubeba mwili wa mtu huyo kupitia njia ambazo wafanyabiashara wa watumwa walikuwa bado wakizipita. Ukimwandika kama mja mwenye shukrani tu, umefuata mapenzi ya wahariri wa karne ile. Ukimwandika kama mwanamapinduzi aliyekwisha kuuona ukoloni ambao bado haujafika, umefuata mapenzi ya karne hii. Kati ya hayo kuna mtu aliyekuwa na deni, na kazi, na wenzake wa kuwaongoza, na pengine hasira isiyo na mahali pa kwenda. Huyo ni mgumu kumwandika, na vijana humwelewa vizuri kuliko tunavyodhani, kwa kuwa nao wanaishi wakiwapenda watu wanaowaamuru.

Njia moja ya kazi inayonisaidia ni hii: kwa kila jambo la wakati huo linalonichukiza, nampa mtu ninayempenda ndani ya hadithi sababu ya kuliona la kawaida. Mama mwema wa Tunu aogope wageni. Mpagazi mchangamfu amcheke mgonjwa. Msomaji akishikwa na mshangao kwamba mtu mwema anaweza kuamini hivyo, ameanza kufikiri kihistoria, na hukulazimika kumhutubia.

Ukatili nao una swali lake. Historia imejaa mambo ambayo hatungependa mtoto ayaone, lakini kuyaficha kabisa ni kuwafuta waliotendewa. Kwa wasomaji wa miaka minane hadi kumi, acha tukio litokee na uoneshe kilichobaki: kiatu, kitanda kitupu, jina ambalo halijibiwi. Kwa wakubwa zaidi unaweza kusogea karibu, ila jicho la hadithi likae kwa anayetendewa na si kwenye kisu. Jambo ambalo halifai kwa umri wowote ni kupunguza ukubwa wa dhuluma ili kuleta faraja. Punguza maelezo, usipunguze ukweli.

Ruhusa na mipaka yake

Huwezi kuandika miezi tisa ya safari siku kwa siku. Utaunganisha kambi tatu ziwe moja, utawafanya wapagazi wanne wawe mmoja mwenye tabia za wote, utaruka wiki za mvua. Ruhusa hizo ni halali, kwa kuwa hazibadili sababu ya jambo lolote. Ninapoweka mpaka ni kwenye mambo matatu: usimtwike mtu aliyeishi kosa ambalo hakuna ushahidi kwamba alilitenda, usibadili nani alikufa na nani alipona, na usigeuze mfuatano wa matukio hadi matokeo yakatangulia sababu. Anayetaka kufanya lolote kati ya hayo abadilishe majina yote na mahali pote, aandike riwaya ya kubuni kabisa, na hakuna atakayemlaumu.

Kuna hali ya ajabu inayowapata wote wanaofanya kazi hii, yaani ukweli kuonekana kama uzushi. Baada ya kuondoka Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, watu wa msafara walijua kwamba vijiji vya mbele havingeruhusu maiti ipite. Basi wakafunga mabua ya mtama ndani ya nguo kwa umbo la maiti, wakawatuma wenzao warudi nayo kana kwamba wanakwenda kuizika, na wale waliopewa kazi hiyo wakayatupa mabua porini. Mwili wenyewe ukafungwa upya ufanane na mzigo wa kawaida wa vitambaa, nao ukaendelea na safari. Kila mhariri atakayesoma sura hiyo atakuomba upunguze ubunifu. Usipunguze. Andika tukio hilo kwa utulivu kuliko mengine, bila vishindo, kwani jambo la kweli lisilosadikika huhitaji sauti ya chini.

Maelezo ya mwandishi

Mwisho wa kitabu weka kurasa mbili au tatu za kumfungulia msomaji mlango wa karakana. Wengine huziona kama kuomba radhi. Mimi naziona kama sura ambayo vijana wengi huisoma kwanza. Ebrahim Hussein, alipoitoa tamthilia yake ya *Kinjeketile* kuhusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, alimweleza msomaji kwamba Kinjeketile Ngwale aliishi kweli, lakini kwamba Kinjeketile wa jukwaani ameumbwa kwa mahitaji ya sanaa na asipimwe kwa rula ya historia. Msomaji mzima hutosheka na tamko kama hilo. Mchanga anastahili zaidi ya hapo: aambiwe ni kitu gani hasa kimebuniwa.

Zirudie zile alama tatu za karatasi yako, uziandike kwa sentensi zisizo na utaalamu. Kwa mfano: "Majwara, Susi, Chuma, Jacob na Losi waliishi. Tunu nimembuni. Msafara ulikuwa na watoto, lakini wengi hawakuandikwa majina, naye amechukua nafasi ya mmoja wao. Mzigo wa mabua ulikuwapo kweli. Mazungumzo kati ya Tunu na Losi mtoni ni yangu yote, kwa sababu kuhusu Losi tunajua namna alivyokufa tu. Kuhusu siku aliyokufa Livingstone, kaburi linasema hivi na mti ulisema vile." Ukiweza, mwambie pia ulichokiacha nje na kwa nini. Kwenye bamba la Westminster imeandikwa kwamba marehemu aliletwa na mikono yenye uaminifu, kuvuka nchi na bahari, wala wenye mikono hiyo hawatajwi kwa majina. Mtoto akielezwa hivyo atafahamu kwa nini mtu hutunga Tunu.

Kabla muswada haujaenda kwa mchapishaji, mpe msomaji wa umri unaomlenga, bila yale maelezo ya mwisho, pamoja na penseli mbili za rangi tofauti. Mwombe apigie mstari wa rangi moja kila anachodhani kilitokea kweli, na wa rangi nyingine kila anachodhani umekitunga. Usimsaidie. Akirudisha, tazama aliyoyakosea. Akikidhania cha kweli kitu cha kubuni kilichomo ndani ya pengo, hapana tatizo, maelezo ya mwisho yatamfafanulia. Akikidhania cha kubuni kitu cha kweli, huenda umekipigia kelele mno. Rudi ukakishushe sauti. Na akisema juu ya mtu aliyeishi neno zito ambalo vyanzo havikulisema, akalisema kwa uhakika kabisa, tafuta ni ukurasa gani uliomwambia, kisha uuandike upya.